Kusoma monosaiti kwenye majibu ya damu, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nimeona H kwenye MONO, je, ni kansa?" "Monosaiti zangu asilimia 13, nile nini zishuke?" "Duka la dawa wamesema nina bakteria kwenye damu, wamenipa sindano za siku tano, nichome?" Mwongozo huu ni wako wewe unayeuliza hivyo huku karatasi ya maabara ikiwa mkononi. Kwenye karatasi hiyo MONO ni monosaiti, H ni namba iliyo juu ya kiwango, na L ni iliyo chini. Mwongozo unahusu kipimo cha seli za damu ambacho Tanzania wengi hukiita FBP, Kenya hukiita hemogramu, na kwingine utakikuta kimeandikwa CBC. Ni kipimo kile kile.

Ukimaliza utajua kama monosaiti zako zimepanda kweli au zimeonekana tu kupanda, na utajua la kumwambia daktari. Hutaweza kujitambulia ugonjwa. Hakuna ugonjwa unaotambuliwa kwa monosaiti peke yake, na anayekuambia upo anakupotosha.

Nadharia ni hii tu: monosaiti ni aina moja kati ya tano za seli nyeupe za damu. Hutengenezwa kwenye uboho ulio ndani ya mifupa, huzunguka katika damu kwa siku moja hadi tatu, kisha huingia kwenye tishu za mwili na kugeuka makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Namba unayoiona ni ya zile zilizokuwa njiani wakati unatolewa damu. Ndiyo maana hubadilika upesi.

Andaa haya kwanza

- Karatasi nzima ya majibu, kurasa zote. Picha ya WhatsApp iliyokatwa ikabaki mstari mmoja haitoshi. Ukipewa majibu ya mdomo, rudi uombe karatasi.
- Umri wa mgonjwa, na kama ni mjamzito.
- Orodha ya dawa zote za wiki nne zilizopita, pamoja na za kienyeji.
- Majibu ya zamani ya kipimo hicho hicho, kama yapo. Haya yana thamani kuliko chochote utakachosoma mtandaoni.
- Kikokotoo cha simu na kalamu.

Hatua ya 1: Hakikisha karatasi ni ya mwenyewe

Soma jina, umri, jinsia, tarehe na saa ya kuchukua sampuli. Umri hasa. Mashine hupanga viwango kwa umri iliyopewa, na mtoto aliyeingizwa kama mtu mzima atatoka na H na L nyingi zisizo na maana. Mtoto mchanga ana monosaiti nyingi kuliko mtu mzima, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Angalia pia pengo kati ya saa ya kuchukua sampuli na saa ya kupima. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya EDTA inayozuia kuganda. Ikikaa kwenye joto la chumba, ni vizuri ipimwe ndani ya saa 8. Ikivuka saa 24, mgawanyo wa seli nyeupe hauaminiki hata kama hemoglobini bado iko sawa, kwa sababu seli nyeupe huanza kuvimba na kuharibika na mashine huzichanganya. Sampuli iliyotoka zahanati asubuhi ikalala njiani hadi kesho yake ni ya kurudiwa.

Hatua ya 2: Jua mashine imegawa seli makundi mangapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nenda taratibu.

Tafuta mistari ya seli nyeupe chini ya WBC, yaani jumla ya seli nyeupe. Ukiona NEU (nutrofili), LYM (limfosaiti), MONO, EOS (eosinofili) na BAS (basofili), mashine imegawa makundi matano. Endelea na hatua ya 3.

Ukiona mistari mitatu tu, yaani LYM, MID na GRAN (au LYM, MXD na NEUT), mashine yako inagawa makundi matatu. Mashine za namna hii ziko nyingi katika vituo vya afya na maabara ndogo, na kwa kazi yake ni nzuri. Lakini MID si monosaiti. Mashine hiyo hupanga seli kwa ukubwa, na kundi la kati hubeba monosaiti, basofili, eosinofili (zote au baadhi, kulingana na mashine), na hata seli changa zilizotoka kwenye uboho kabla ya wakati.

Tuseme WBC ni 6.0 na MID ni asilimia 15. Ukipiga hesabu unapata 0.9, na mtu anaweza kukuambia monosaiti ziko juu. Lakini kama mgonjwa ana minyoo, au pumu, au mzio wa ngozi, eosinofili peke yake zinaweza kuwa asilimia 8 na zikaingia humo humo. Zinazobaki ni asilimia 7, sawa na 0.42. Monosaiti zake hazina shida yoyote.

Ukiwa na MID iliyo juu, usiendelee na hatua zinazofuata kana kwamba umepata jibu. Omba moja kati ya mambo mawili: kipimo kirudiwe kwenye mashine ya makundi matano, au mtaalamu wa maabara atandaze damu kwenye kioo, aipake rangi na kuhesabu seli kwa hadubini. La pili linafanyika hata katika maabara ndogo, na gharama yake kwa kawaida si kubwa.

Hatua ya 3: Tenganisha asilimia na idadi

Monosaiti huandikwa mara mbili. MONO% ni sehemu yake katika kila seli nyeupe 100. MONO# ni idadi halisi katika ujazo wa damu. Cha kufanyia uamuzi ni MONO#.

Vipimio vya idadi huchanganya watu bure. Ukiona 10^9/L, au 10^3/µL, au K/µL, namba ni ile ile, usibadilishe kitu. Ikiandikwa seli kwa µL, gawa kwa 1,000. Yaani 600 ni sawa na 0.6.

Onyo: usilinganishe asilimia ya maabara moja na idadi ya maabara nyingine. Kuna waliosema monosaiti "zimeshuka kutoka 9 hadi 0.7" wakashukuru dawa, kumbe ya kwanza ilikuwa asilimia na ya pili idadi.

Hatua ya 4: Piga hesabu mwenyewe

Hata kama MONO# imeandikwa, ihakiki. Zidisha WBC kwa MONO%, kisha gawa kwa 100.

Karatasi ya kwanza:

WBC 3.4
NEU 38% (1.29)
LYM 46% (1.56)
MONO 13% (0.44) H
EOS 2% (0.07)
BAS 1% (0.03)

3.4 mara 13, gawa kwa 100, ni 0.44. Ile H imebandikwa kwenye asilimia. Idadi halisi iko katikati kabisa ya kawaida. Asilimia imepanda kwa sababu nutrofili ni chache, si kwa sababu monosaiti ni nyingi.

Karatasi ya pili: WBC 13.0, NEU 70%, LYM 17%, MONO 9%, EOS 3%, BAS 1%. Hakuna H kwenye MONO% kwa sababu maabara hiyo imeweka mwisho 10. Lakini 13.0 mara 9, gawa kwa 100, ni 1.17. Huyu ndiye mwenye monosaiti nyingi, na asingejua kama angesoma asilimia tu.

Hatua ya 5: Linganisha na viwango vya maabara yako

Kwa mtu mzima, maabara nyingi huweka MONO# kati ya 0.2 na 0.8, na MONO% kati ya 2 na 8 au 10. Tumia viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako, si vya jirani. Kisha soma hivi:

- 0.2 hadi 0.8: kawaida.
- Juu ya 0.8 hadi 1.0: imepanda kidogo. Mara nyingi ni mabaki ya ugonjwa unaopita.
- Juu ya 1.0: imepanda kweli. Inahitaji sababu kutafutwa, au angalau kurudiwa.
- Chini ya 0.2: imeshuka. Peke yake, mara moja, kwa mtu asiyeumwa, haina uzito mkubwa.

Kumbuka viwango hivi hupangwa ili vibebe takribani asilimia 95 ya watu wazima kiafya. Mmoja kati ya 20 wasioumwa chochote atakuwa nje ya mstari, na mstari huo haukati kama kisu: 0.82 na 0.78 ni kitu kimoja.

Hatua ya 6: Soma mistari ya jirani

Monosaiti hazisomwi peke yake. Pitia hivi, kwa mpangilio huu.

*Nutrofili.* Zikiwa chache, asilimia ya monosaiti na limfosaiti hupanda zenyewe, kama ulivyoona kwenye karatasi ya kwanza. Hili linatuhusu sana. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote, hali ya kurithi inayohusiana na kukosekana kwa protini ya Duffy kwenye seli nyekundu, ile ile ambayo kutokuwepo kwake hukinga dhidi ya malaria aina ya vivax. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na nutrofili za 1.2 au 1.5 miaka yote. Ukipima ukiwa Uingereza au Marekani, ambako viwango vya kawaida vya nutrofili huanzia karibu 1.8 au 2.0, utapata L na maswali mengi. Waonyeshe majibu yako ya zamani. Lakini nutrofili chini ya 0.5 pamoja na homa ni dharura kwa mtu wa asili yoyote.

*Hemoglobini na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda (HGB na PLT).* Hapa ndipo penye uzito. Monosaiti zilizopanda huku hizi mbili zikiwa sawa ni habari tofauti kabisa na monosaiti zilizopanda huku zote mbili zimeshuka. Hali ya pili si ya kusubiri wiki kadhaa ndipo urudie kipimo.

*Chembe sahani peke yake.* Mgonjwa mwenye homa, monosaiti juu na chembe sahani chini, katika maeneo yetu afikiriwe malaria mapema. Monosaiti humeza rangi nyeusi inayoachwa na vimelea vya malaria, na mtaalamu makini huiona ndani yake kwa hadubini. Hata hivyo, malaria huthibitishwa kwa mRDT (kipimo cha haraka) au kwa vimelea kuonekana kwenye kioo, si kwa MONO#.

*Eosinofili.* Zikipanda pamoja, fikiria minyoo, kichocho au mzio kabla ya mambo makubwa.

Hatua ya 7: Pitia wiki nne zilizopita

Andika, usitegemee kumbukumbu ukiwa mbele ya daktari.

Ulikuwa na mafua, homa, kuhara, jipu, jino? Wakati wa kupona monosaiti hupanda na kubaki juu kwa muda. Ni dalili ya mwili kusafisha. Mgonjwa anayetoka kwenye tibakemia naye huona monosaiti zikirudi kabla ya nutrofili, na daktari wake hufurahi kuliona hilo.

Umetumia prednisoloni au deksamethasoni? Steroidi hushusha monosaiti ndani ya saa chache, na baada ya dozi moja hurudi kwa muda wa siku moja hivi. Ukipima katikati yake utapata L. Usiache steroidi uliyoandikiwa ili majibu yapendeze. Kuiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu ni hatari.

Mjamzito? Seli nyeupe huongezeka, monosaiti zikiwemo, na viwango vya kawaida vya mtu mzima havimfai. Una selimundu, au ulitolewa bandama? Monosaiti zilizo juu kiasi kwa muda mrefu ni jambo la kawaida kwako. Majibu yako ya zamani ndiyo kipimo chako.

Kisha yale ya muda mrefu: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, homa inayokuja na kuondoka. Hapo kifua kikuu kitafutwe kwa kupima makohozi kwa mashine ya GeneXpert, na VVU vipimwe. Kama unafuga, unachinja, au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari ili bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ifikiriwe. Kama umekaa Baringo, Turkana au Pokot Magharibi na bandama imevimba, taja kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama, kwa jina lake. Magonjwa ya kinga kama lupasi na baridi yabisi ya viungo nayo hupandisha monosaiti, ila mara nyingi huja na dalili zake.

Hatua ya 8: Chagua njia

*Nenda hospitali leo* kama kuna homa kali pamoja na nutrofili chini ya 0.5, kutokwa damu kwenye fizi au pua bila kukoma, madoa madogo mekundu chini ya ngozi, kushindwa kupumua vizuri, au karatasi imeandikwa kwamba zimeonekana seli changa, au zile changa kabisa ziitwazo blasti.

*Muone daktari ndani ya siku chache* kama MONO# iko juu ya 1.0 na hemoglobini au chembe sahani zimeshuka, au kuna mitoki, bandama iliyovimba, fizi zilizovimba, jasho la usiku, uzito kupungua.

*Rudia baada ya wiki 4 hadi 6* kama imepanda kidogo, mistari mingine iko sawa, na ulikuwa unaumwa karibuni. Rudia maabara ile ile, ukiwa umepona. Huhitaji kufunga kula. Kurudia baada ya siku tatu ni kupoteza hela na kuongeza hofu.

*Achana nayo* kama ni asilimia tu iliyo juu, idadi iko sawa, na huna dalili.

Kuhusu kansa, kwa kuwa ndilo linalowanyima watu usingizi. Ipo saratani ya damu ya monosaiti inayoitwa CMML. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60, na monosaiti huwa juu kwa miezi mitatu au zaidi bila sababu nyingine. Ukisoma mtandaoni utakuta kwamba mwaka 2022 kikomo chake kilishushwa kutoka 1.0 hadi 0.5, pamoja na sharti la asilimia 10 au zaidi. Usichukue kikomo hicho ukajipima nacho. Watu wengi wazima wana 0.5. Utambuzi huhitaji ushahidi mwingine kutoka kwenye damu, uboho na vinasaba, na kazi hiyo ni ya daktari bingwa wa damu. Lakini kama umevuka umri huo na MONO# imekaa juu ya 1.0 kwa miezi mitatu, omba rufaa bila kuona haya.

Hatua ya 9: Mwambie daktari kwa ufupi

Sentensi hii inatosha: "Monosaiti zangu ni 1.2 kwa idadi, mwezi wa tatu zilikuwa 0.6, hemoglobini na chembe sahani ziko sawa, nilikuwa na homa wiki mbili zilizopita, situmii dawa yoyote." Kisha uliza: "Irudiwe lini, na je, damu iangaliwe kwa hadubini?"

Hakuna dawa ya kushusha monosaiti, wala chakula. Kinachotibiwa ni sababu. H kwenye MONO haithibitishi "bakteria kwenye damu", na haitoshi kuanza antibayotiki. Anayekuandikia sindano kwa mstari huo mmoja, muulize anatibu ugonjwa gani na ameuthibitishaje.

Majibu yakigoma

*Asilimia hazifiki 100.* Jumlisha tena. 99 au 101 ni kukadiria desimali. Ikiwa 92, kuna mstari umekatwa, au kuna kundi la seli changa lililoandikwa pembeni kama IG.

*Kuna nyota (\*) karibu na MONO.* Katika mashine nyingi nyota inamaanisha mashine haina uhakika na mgawanyo. Usiitumie namba hiyo. Omba hadubini.

*Pameandikwa vistari tu badala ya namba.* Mashine imeshindwa kugawa seli. Mara nyingi ni kibonge cha damu iliyoganda kwa sababu tyubu haikugeuzwa vizuri mara 8 hadi 10 baada ya kuchukuliwa, au damu ilikuwa kidogo mno. Sampuli mpya inahitajika, na hupaswi kulipia kosa hilo.

*Maabara mbili zimetoa majibu tofauti.* Kama ni 0.6 na 0.8, hazijatofautiana. Kama moja ni MID na nyingine MONO, hazilinganishwi. Kama moja ni ya mashine na nyingine ya hadubini, jua kwamba anayehesabu kwa jicho huhesabu seli 100 tu. Akipata monosaiti 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 4 na 18 kwa bahati tu. Kwa namba yenye utata, omba zihesabiwe seli 200.

*MONO# imesoma 0.0.* Angalia WBC. Ikiwa nayo iko chini sana, muone daktari leo. Ikiwa ya kawaida na hujatumia steroidi, rudia kwa damu mpya. Ikirudi hivyo hivyo, daktari wa damu aione, kwa sababu kuna magonjwa machache ya uboho yanayoanza kwa monosaiti kutoweka.

*Majibu ya mtoto yana H tatu nne.* Angalia kwanza kama viwango vilivyochapwa pembeni ni vya watoto wa umri wake. Kama ni vya watu wazima, irudishe karatasi dirishani ichapwe upya kwa umri sahihi kabla hujamnunulia mtoto dawa yoyote.